Kumalizia wimbo wa kwaya ulioachwa njiani: mwongozo kamili kwa mwenye rasimu mkononi

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtafiti Mjerumani Wolfgang Plath alikuta katika maktaba ya Berlin karatasi moja yenye mwandiko wa Mozart. Ilikuwa na rasimu ya sehemu ya Rex tremendae, mistari inayohusu opera yake Die Zauberflöte, na vipimo 16 (mafungu ya mapigo katika nota) vya sauti nne juu ya neno moja tu: Amen. Vipimo hivyo vilikuwa mwanzo wa fuga, yaani utunzi ambao sauti huingia moja baada ya nyingine zikifuatana na wazo lile lile. Kwa karibu miaka 170 kabla ya hapo, kwaya duniani kote zilikuwa zikiimba Requiem ya Mozart, misa ya wafu aliyofariki bila kuimalizia, bila kujua kuwa fuga hiyo ilikuwa imeanzwa. Sehemu ya Lacrimosa iliishia kwenye Amen ya kordi mbili, na watu wakarudi nyumbani wakidhani ndivyo ilivyokusudiwa.

Naanza na karatasi hiyo kwa sababu kazi ninayotaka kuieleza hapa huanza hivyo hivyo kwetu: mjane anafungua sanduku, anakuta daftari la nota, analipeleka kwa mwalimu wa kwaya. Nimefundisha kwaya ya parokia kwa miaka mingi, na nimewahi kukabidhiwa daftari la mwalimu aliyenitangulia. Ndani yake mlikuwa na wimbo wa Ijumaa Kuu, nusu umeandikwa, nusu haupo. Ilinichukua zaidi ya mwaka kuufikisha mahali pa kuimbika. Mengi niliyajifunza kwa kukosea, na mengine kwa kusoma jinsi Requiem ilivyomaliziwa na watu mbalimbali. Hakuna kazi ya kwaya iliyomaliziwa mara nyingi kama hiyo, na karibu kila kosa linalowezekana lilishafanyika humo, likaandikwa, likajadiliwa.

Hatua ya kwanza: karatasi kabla ya muziki

Usikae kwenye kinanda siku unayopokea daftari. Nawa mikono, ikauke, kisha piga picha kila ukurasa mbele na nyuma, pamoja na jalada na kurasa unazoona ni tupu. Tumia mwanga wa dirishani, usiwashe taa ya kamera. Halafu rudia kurasa zote mwanga ukitoka ubavuni, kwa sababu penseli iliyofutwa huacha mikwaruzo ambayo mwanga wa mbele hauioneshi. Usibandike selotepu, usichomoe pini zenye kutu kwa nguvu, na usipange upya karatasi zilizolegea. Mpangilio ulioukuta ni ushahidi. Ukiuvuruga hutaupata tena.

Kama unadhani hii ni tahadhari ya kupita kiasi, mwandiko halisi wa Requiem ulipelekwa kwenye Maonesho ya Dunia ya Brussels mwaka 1958, na huko mtu akachana kona ya ukurasa mmoja akaondoka nayo. Kwenye kona ile paliandikwa maneno "Quam olim d: C:", maagizo ya kurudia fuga iliyotangulia, na huenda yakawa miongoni mwa maneno ya mwisho kuandikwa na Mozart. Kipande hicho hakijaonekana hadi leo. Tunajua kilichokuwapo kwa sababu mwandiko ulikuwa umeshanakiliwa kwa picha.

Hatua ya pili: ruhusa

Tanzania na Kenya, hakimiliki ya utunzi hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo wimbo wa mwalimu aliyefariki juzi ni mali ya warithi wake. Si mali ya kwaya, wala ya aliyeokota daftari. Kaa na familia, andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja: nani anaruhusu, unaruhusiwa kufanya nini, jina la nani litakaa wapi, na kama wimbo utarekodiwa mapato yatagawanywaje. Kama maneno ni ya mshairi mwingine, naye atafutwe. Ofisi za hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya, ndiko mahali pa kuuliza pale mambo yanapokuwa na utata.

Zaidi ya sheria, uliza marehemu mwenyewe alisema nini. Edward Elgar, mtunzi wa Uingereza aliyefariki mwaka 1934, alimwomba rafiki yake asiruhusu mtu yeyote kuichezea simfoni yake ya tatu iliyokuwa haijakamilika. Familia iliheshimu ombi hilo kwa miongo mingi. Walipoona hakimiliki itaisha mwaka 2005 na kwamba baada ya hapo mtu yeyote angeweza kuifanya kazi hiyo bila kuwauliza, waliamua kumkabidhi mtunzi Anthony Payne, na simfoni ikapigwa London mwaka 1998. Naona walifanya sawa, lakini naona pia kwamba swali halikuwa jepesi. Mimi nilipomuuliza mama mjane, alinijibu, "Mwalimu, alikuwa anauimba jikoni kila Kwaresima. Angetaka uimbwe." Kama angeniambia kinyume, daftari lingerudi kwake siku ile ile.

Hatua ya tatu: nakili kama kilivyo, na makosa yake

Hapa ndipo wengi huharibu kazi kabla hawajaianza. Unaponakili, mkono unatamani kusahihisha. Unaona pigo limekosekana, unalijaza. Unaona nota mbili zinagongana, unahamisha moja. Ukifanya hivyo umeshaanza kumalizia wimbo kabla hujausoma, na wiki tatu baadaye hutakumbuka lipi ni lake na lipi ni lako.

Kwa hiyo nakala ya kwanza iwe ya utumwa kabisa. Kipimo chenye mapigo matatu badala ya manne kibaki na matatu. Nota iliyokatwa iandikwe na mstari wake wa kukata. Neno lisilosomeka liwekewe alama ya kuuliza. Pembeni weka safu ya maelezo: wino wa bluu, penseli, mwandiko wa haraka, mwandiko wa kutulia.

Wengi wetu tunaandika kwa nota za herufi, d r m f s l t, mfumo ulioenezwa na John Curwen kule Uingereza katika karne ya 19 na kuletwa Afrika na wamisionari. Ni mfumo mzuri kwa kwaya, ila kwa msomaji wa rasimu una mitego yake. Tazama mstari huu:

| s :– .f | m :– |

Nota s inashika pigo moja na nusu, f inachukua nusu iliyobaki, m inashika mapigo mawili. Nukta mbili (:) hutenganisha mapigo, nukta moja hukata pigo katikati, kistari huendeleza sauti. Mkato nao hukata nusu ya pigo kuwa robo. Lakini kialama kinachofanana na mkato kikikaa mguuni mwa herufi maana yake ni oktavu ya chini. Kwa mtu anayeandika taratibu, tofauti inaonekana. Kwa mtu anayeandika usiku akiwahi wazo lisimtoke, alama hizo mbili ni kitu kimoja.

Ndivyo nilivyoponzwa. Katika kiitikio cha ule wimbo kulikuwa na s yenye kialama kwenye sauti ya tatu. Nilikisoma kama oktavu ya chini, nikaishusha teno yote hadi chini ya besi, kisha nikatumia siku kadhaa nikijieleza kwa nini mtunzi alitaka giza la namna hiyo siku ya Ijumaa Kuu. Nilikuwa nimeshaanza kuipenda tafsiri yangu. Siku moja nikahesabu mapigo ya kipimo kile, nikakuta robo moja imepungua. Kialama kilikuwa mkato. Teno ikarudi mahali pake, na giza nililokuwa nimelibuni likaondoka.

Tangu hapo nina kanuni ya kuhesabu mapigo ya kila kipimo, katika kila sauti, kabla ya kuamini sauti ya nota yoyote. Na ukisoma oktavu, linganisha na kialama kingine usichokitilia shaka kwenye ukurasa huo huo.

Hatua ya nne: kila kipande ni cha wapi?

Rasimu haziji na anwani. Kipande kinaweza kuwa cha wimbo huu, cha wimbo mwingine, au zoezi tu la mtu aliyekuwa anajaribu kalamu. Turudi kwenye karatasi ya Berlin, kwa sababu inafundisha namna ya kufikiri.

Pale pameandikwa Amen tu, hapakuandikwa Requiem. Amen zipo katika misa nyingi. Kwa nini basi wataalamu wengi waliamini kuwa ni ya hapa? Kwanza, majirani zake kwenye karatasi: Rex tremendae ni sehemu ya Requiem, na Die Zauberflöte ilioneshwa mara ya kwanza Septemba 1791, kwa hiyo karatasi ni ya miezi ya mwisho ya maisha yake. Pili, ufunguo ni D minor, ule ule wa Requiem. Tatu, na huu ndio ushahidi ninaoupenda, ni wazo lenyewe. Requiem inapoanza, besi huingia na nota ambazo kwetu zingeandikwa l se l t d. Lishike wazo hilo uligeuze kama kwenye kioo, liliposhuka lipande na lilipopanda lishuke, ukianzia m unapata m f m r d. Wazo la fuga ya Amen ni wazo la ufunguzi lililogeuzwa. Mtu hatungi hivyo kwa bahati mbaya.

Nne, mahali pa kuiweka. Maneno ya Lacrimosa, ambayo ndiyo yanafunga shairi lote la Dies irae, huishia na Amen. Mozart mwenyewe aliacha Lacrimosa kwenye kipimo cha nane. Pengo lipo, na kipande kinachotoshea pengo kipo.

Wapo wasiokubaliana na hoja hii, hasa wakisema fuga ingekuwa ndefu mno mahali pale. Mimi nakubaliana na hoja ya wazo lililogeuzwa, lakini nakuomba uone jinsi ilivyojengwa: karatasi, tarehe, ufunguo, wazo, mahali. Hakuna hata moja inayotosha peke yake.

Kwenye daftari nililopewa, nyuma kabisa, katikati ya hesabu za michango ya sare, palikuwa na vipimo vitatu vya nota bila maneno. Nilivipuuza kwa miezi. Kilichonirudisha ni wino: kalamu iliyokuwa inavuja, yenye matone yale yale, ndiyo iliyoandika ubeti wa pili wa wimbo. Nikaviweka chini ya kiitikio vikakataa, nikaviweka chini ya ubeti vikakataa, nikaviweka mwishoni, pale sauti ya kwanza inaposhika nota moja ndefu, vikakaa kama mlango kwenye fremu yake. Alikuwa ameandika mwendo wa besi wa kumalizia wimbo kabla hajafika huko.

Watunzi hufanya hivyo sana. Huandika mwisho mapema, kwa hiyo usiache kutazama kurasa za nyuma.

Hatua ya tano: pima ulichonacho

Sasa chora jedwali. Safu wima ni vipimo, safu mlalo ni sauti: soprano, alto, teno, besi, kinanda. Paka rangi kila palipoandikwa kitu. Dakika kumi za kazi hii zitakuonesha kama unamalizia wimbo au unatunga wimbo mpya kwa jina la mtu mwingine.

Requiem ukiipaka rangi hivyo inajigawa wazi. Introitus imekamilika kwa mkono wa Mozart. Kyrie ina sauti zote nne na besi. Kuanzia Dies irae hadi Confutatis, pamoja na Domine Jesu na Hostias, kuna sauti zote za kwaya, besi ya ala, na vidokezo vya okestra hapa na pale. Lacrimosa ina vipimo vinane. Sanctus, Benedictus na Agnus Dei hazina kitu kwa mkono wake. Hizo ni kazi tatu tofauti: kupamba, kuendeleza, na kutunga. Zinahitaji ujasiri wa viwango tofauti, na usizichanganye.

Hatua ya sita: jifunze mkono wa marehemu

Kusanya nyimbo zake zote zilizokamilika, hata tano tu zinatosha, uzichambue kwa maswali madogo madogo. Alto yake huwa inatembea au inakaa nota moja? Teno yake ya juu kabisa ni ipi? Anapofunga ubeti hutumia kituo gani, cha s kwenda d au cha f kwenda d? Anahama ufunguo wapi, na anarudi kwa njia ipi? Anarudia maneno, au kila neno analiimba mara moja? Anapenda besi ianze peke yake?

Andika majibu kwa tarakimu. Usiridhike na "alipenda huzuni". Andika kwamba katika nyimbo sita, nne zinafunga kwa alto kubaki kwenye s. Tarakimu zitakuzuia pale mazoea yako mwenyewe yanapotaka kuingia.

Jambo la pili ni maneno. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mtunzi mzuri huiweka silabi hiyo kwenye pigo lenye nguvu. Katika rasimu yangu maneno "msalaba wako, Bwana" yalikaa vizuri kila alipoyaandika yeye: *la* kwenye pigo la kwanza, *wa* kwenye la tatu. Nilipoyaendeleza mimi kwa sauti ya pili, nilijali hamonia nikasahau maneno, na kwaya ikaimba "msalaBA". Wazee wa besi walicheka, na walikuwa na haki. Soma mstari kwa sauti kabla ya kuupa nota. Piga makofi kwenye silabi zenye mkazo, ndipo uandike.

Hatua ya saba: kujaza

Anza na besi, si na alto. Besi ndiyo inayokuambia kordi, na kordi zikishajulikana sauti za kati zina njia chache tu za kupita. Ukiwa na soprano peke yake, kama nilivyokuwa kwenye kiitikio, tafuta kwanza vituo: mstari unapumzika wapi, juu ya neno gani. Andika besi ya vituo hivyo tu, ukiacha katikati patupu. Kisha jaza besi ukirudi nyuma kutoka kwenye kituo, kipimo kwa kipimo. Ni rahisi zaidi kujua umefikaje mahali kuliko kubahatisha unakwenda wapi.

Baada ya soprano na besi kusimama, ziimbeni hizo mbili peke yake. Zikiwa tamu, wimbo umepona. Zikiwa dhaifu, alto na teno hazitaziokoa. Ndipo uandike teno, halafu alto mwisho. Angalia kwinti (sauti mbili zilizoachana kwa hatua ya nota tano) na oktavu zinazotembea sambamba. Katika Sanctus ya Requiem, wachambuzi wamezinyooshea kidole kwinti sambamba kama dalili kuwa mkono si wa Mozart. Lakini kama mtunzi wako alikuwa anatumia kwinti sambamba kwa makusudi, na walimu wetu wengi waliolelewa na ngoma za kwao hufanya hivyo, usimsahihishe. Unaandika kwa mkono wake, na mtahini wa chuo hayupo hapa.

Kama rasimu ina fuga au sauti zinazofuatana, tenga siku nzima ya kujaribu wazo kabla ya kuandika. Liweke juu yake lenyewe likiwa limechelewa pigo moja, mawili, kipimo kizima. Ligeuze. Lirefushe mara mbili. Baadhi ya majaribio yatagongana vibaya, mengine yatakubali bila kulazimishwa. Yanayokubali ndiyo huenda mtunzi aliyaona. Richard Maunder na Robert Levin, kila mmoja katika toleo lake la Requiem, walianza na vipimo vile vile 16 vya Amen wakapata fuga mbili tofauti. Zisikilize zote mbili siku moja. Utaona kwamba rasimu haina jibu moja, ila ina majibu mengi ambayo ni makosa.

Kitu kingine: tumia tena. Kabla ya kubuni wazo jipya, uliza kama wazo la ubeti linaweza kurudi katika sauti nyingine. Agnus Dei ya Requiem, ambayo Franz Xaver Süssmayr, msaidizi wa Mozart aliyeimalizia kazi hiyo baada ya kifo chake, alisema ni yake, ina wazo la ufunguzi limefichwa kwenye besi. Ndiyo maana watu bado wanabishana kama alikuwa na vikaratasi vya Mozart ambavyo hatunavyo. Iwe alikuwa navyo au hakuwa navyo, sehemu hiyo inasimama kwa sababu imeshonwa na uzi wa vazi lenyewe.

Hatua ya nane: pale ambapo hakuna kitu kabisa

Una njia tatu. Unaweza kuacha pengo na kuliheshimu. Unaweza kuazima kutoka sehemu nyingine ya kazi hiyo hiyo, kama Süssmayr alivyorudisha muziki wa Introitus na fuga ya Kyrie kufunga Requiem. Au unaweza kutunga. Maunder aliondoa Sanctus na Benedictus kwa kuona hazina Mozart ndani. Levin alizibakiza na kuzirekebisha, akiamini mapokeo ya miaka 200 nayo yana haki yake. Naelewa zote mbili, ila kwa wimbo wa ibada naegemea kuazima. Waumini wanaposikia ubeti wa kwanza ukirudi mwishoni kwa maneno mapya, hawajadanganywa, wamekumbushwa. Kutunga kwa jina la marehemu kuwe ni mlango wa mwisho, na kuwe kufupi.

Kuwa mwangalifu na ufunguo unapoazima. Süssmayr aliandika Hosanna ya kwanza katika D major, halafu baada ya Benedictus akairudia katika B-flat major. Ni jambo ambalo Levin aliliona halikubaliki, akaongeza njia ya kurudi D. Ukirudisha kipande, kirudi nyumbani kwake, na kama ufunguo umehama, jenga daraja.

Hatua ya tisa: weka alama kila ulipogusa

Hii ndiyo hatua nisiyokubali mtu airuke. Nakala iliyokabidhiwa kwa mteja wa Requiem, Count von Walsegg, ilikuwa na saini ya Mozart yenye mwaka 1792. Mozart alifariki tarehe 5 Desemba 1791. Saini ilighushiwa ili malipo yakamilike, kwa kuwa mjane Constanze alikuwa na watoto wawili na fedha hana. Namwonea huruma mama huyo kwa moyo wote. Lakini gharama ya saini ile ni zaidi ya karne mbili za ugomvi juu ya nani aliandika nini, na Süssmayr mwenyewe, kijana wa miaka 20 na kitu aliyeokoa kazi hii isipotee, amebaki akitukanwa kwa makosa yake na kunyimwa sifa kwa mazuri yake.

Mwaka 1827 Johann Anton André alichapa Requiem akiwa ameweka herufi M na S kando ya nota, M kwa Mozart na S kwa Süssmayr. Fanya vivyo hivyo. Katika programu ya nota weka rangi mbili, nyeusi kwa marehemu na kijivu au bluu kwako. Kwa nakala ya fotokopi, ambako rangi hufa, tumia mabano ya mraba au herufi ndogo kando. Ukiandika kwa nota za herufi, pigia mstari chini ya ulichoongeza. Chini ya jina la wimbo andika jina lake, halafu chini kwa herufi ndogo: "Umemaliziwa kutoka rasimu na…" Payne hakuiita kazi yake simfoni ya Elgar na Payne. Ilitangazwa kuwa ni rasimu za Elgar zilizofafanuliwa na Anthony Payne, na neno hilo *zilizofafanuliwa* limepimwa vizuri.

Hifadhi faili katika MusicXML na PDF, si katika programu moja tu. Finale, iliyotumiwa na watunzi wetu wengi, ilitangazwa kusitishwa mwaka 2024. MuseScore ni ya bure na inafungua MusicXML bila shida.

Hatua ya kumi: kwaya

Wape wimbo bila kuwaambia palipoungwa. Wafundishe kila sauti peke yake, kisha pamoja, kisha angalia wanakosea wapi. Waimbaji wanaokosea mahali pale pale mara tatu wanakuambia kuna nota isiyotoka kwenye mkono wa mtunzi. Kwangu, alto walikosea vipimo viwili kila mazoezi, wakiimba nota ambayo sikuiandika. Mazoezi ya nne nikaiandika ile wanayoiimba. Baadhi yao walikuwa wamefundishwa na marehemu kwa miaka 15, na masikio yao yalimjua kuliko jedwali langu.

Baada ya hapo waoneshe alama, ukurasa kwa ukurasa. Acha waulize, na kama mzee wa teno atasema "hapa mwalimu asingeenda hivi", andika namba ya kipimo, nenda nyumbani ukaangalie.

Siku ya kuimba, tangazo kabla ya wimbo liwe la sentensi mbili: nani aliutunga, ulifika wapi, na umemaliziwa na nani. Sisi tuliuimba Ijumaa Kuu saa tisa, bila kinanda. Mama mjane alikaa benchi la tatu na nakala mkononi, akifuata mistari nyeusi kwa kidole. Jumatatu ya Pasaka nilimrudishia daftari ndani ya bahasha ya karatasi, si ya plastiki, pamoja na picha za kurasa zote kwenye flashi na nakala mbili za wimbo: moja yenye nyongeza zangu, na nyingine isiyo nazo, inayoishia pale alipoishia yeye.